Chupa ya Miaka Sabini

Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri, Shangazi alikwenda kwenye kabati la vioo kuitoa chupa ya miaka sabini. Alikuta kabati limefungwa kwa ufunguo kama kawaida, lakini chupa haikuwamo.

Hakupiga kelele. Alisimama pale na kitambaa cheupe mkononi, kile alichokiandaa kuifutia vumbi, akaitazama rafu tupu. Kisha akawageukia waliokuwa mezani.

"Kama ni mzaha, umeshachekesha," alisema. "Irudisheni."

Hakuna aliyecheka. Chumba cha nyuma cha duka lake la vinywaji kilikuwa na watu wanne mbali na yeye mwenyewe, na wote walikuwa wanachama wa chama kidogo cha waonjaji. Wa kwanza alikuwa Mwenyekiti, mstaafu wa ofisi ya ramani, ambaye siku hiyo alikuwa anatimiza miaka sabini. Wa pili alikuwa Daktari wa Meno, mtu mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Wa tatu, Dereva, aliyeendesha lori la kusambaza vinywaji. Wa nne alikuwa binti wa kaka yake Shangazi, mfanyakazi wa duka hilo, aliyeitwa Kizibo tangu utotoni kwa sababu ya ufupi wake.

Juu ya meza zilisimama chupa tano, kila moja ndani ya mfuko wa karatasi wa kaki uliofungwa shingoni kwa uzi na kuandikwa namba. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa chama. Mara moja kwa mwezi walikutana kuonja mvinyo wa porto, ule mtamu na mzito, tena wa bei nafuu pekee. Asubuhi ya siku ya kukutana Mwenyekiti alikuwa akijifungia stoo peke yake, akizifungua chupa na kuzivika mifuko ili mtu asionje kwa macho. Wanachama walionja, wakabishana, wakapiga kura. Mwishoni mifuko ilivuliwa na lebo zikasomwa kwa sauti. Kwa kuwa Mwenyekiti alijua kilichomo kwenye kila mfuko, yeye hakuonja wala hakupiga kura.

Siku hiyo kura zilikuwa zimeshapigwa. Mifuko ilikuwa bado haijavuliwa, maana walikubaliana kwamba kwanza watainywa chupa ya Mwenyekiti. Alikuwa amezawadiwa chupa hiyo alipostaafu, na lebo yake ilikuwa na mwaka uleule aliozaliwa. Kwa miaka yote hiyo aliwaambia watu kwamba yeye na mvinyo ule ni marika.

"Hakuna kugusa kitu," alisema Daktari wa Meno, na simu ilikuwa imeshafika sikioni mwake. "Naita polisi."

"Polisi wa nini?" aliuliza Mwenyekiti. "Chupa ni yangu na siku ni yangu. Tukate tamaa, tunywe kilichopo, yaishe."

Lakini simu ilikuwa imeshapokewa.

Kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo Inspekta aliingia kabla glasi hazijakauka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ndogo na viatu vilivyong'arishwa vizuri. Katika maisha yake yote kinywaji kikali kuliko vyote alichowahi kunywa kilikuwa chai ya tangawizi.

"Mwenyekiti," alisema Shangazi, "mpe Afande kiti."

Mwenyekiti alikuwa amesimama tayari, mikono miwili imeshika mifuko miwili ya chupa. "Nilikuwa naondoa hizi kwanza," alisema. "Meza imejaa fujo."

"Ziache, Mzee," alisema Inspekta. "Mimi nimezoea fujo. Ndiyo inayonipa mshahara."

Mwenyekiti aliziachia. Inspekta alikwenda moja kwa moja kwenye kabati. Kwenye vumbi la rafu ya juu palikuwa na alama ya duara, safi, saizi ya kitako cha chupa.

"Ilikuwa imesimama," alisema.

"Miaka yote," alijibu Shangazi. "Mwenyewe aliisimamisha hapo, hakutaka mtu aishike."

"Na hizi za rafu ya chini mbona zimelala?"

"Hizo ni za bei mbaya, Afande. Zina kizibo kirefu cha gome, unakitoa kwa kizibuo. Zinalazwa ili mvinyo ukilowanishe kisikauke. Hizi za kwetu za bei nafuu zina kizibo kifupi chenye kofia ya plastiki, unakivuta kwa vidole tu. Zimetengenezwa zinywewe mapema, kwa hiyo zinasimama."

"Sasa hii ya Mzee ilikuwa na kizibo cha aina gani?"

Shangazi alifikiri. "Shingo ilikuwa imevikwa karatasi nyekundu. Sikuwahi kuivua. Mimi nauza tu, Afande. Mambo ya kusoma lebo nimemwachia huyu binti wa kaka yangu."

Kizibo aliinamisha macho. Inspekta aliliona hilo, akalihifadhi kichwani.

"Funguo za kabati ni ngapi?"

"Mbili. Wangu huu hapa shingoni. Wa pili ni wa Kizibo, na huwa anautundika kwenye msumari stoo, pamoja na aproni yake."

"Asubuhi ya leo nani aliingia stoo?"

"Uliza nani hakuingia," alisema Shangazi. "Kizibo alipanga chupa tano kwenye trei. Mwenyekiti akaja kuzivika mifuko. Dereva akashusha makreti. Daktari naye alipita akitafuta choo."

"Choo nilikipata," alisema Daktari wa Meno kwa heshima zake zote.

"Kwa hiyo wote wanne mngeweza," alisema Inspekta. "Basi nitawauliza mmoja mmoja. Ila kwanza mniambie hiki mnachokinywa ni kitu gani. Sipendi kutafuta kitu nisichokijua."

Hapo wote walianza kusema kwa pamoja, mpaka Shangazi akagonga meza kwa kijiko.

"Juisi ya zabibu ikichachuka, sukari yake inageuka pombe," alieleza. "Ukiiacha, sukari inaisha na mvinyo unakuwa mkavu. Sasa hawa wa porto wanamwagia pombe kali katikati ya safari. Kuchachuka kunakoma palepale, sukari inabaki. Ndiyo maana ni mtamu na bado unapanda kichwani."

"Kama shemeji yangu," alisema Dereva.

"Nyekundu iliyokolea ni changa," aliendelea Shangazi. "Ile iliyokaa miaka mingi kwenye mapipa ya mbao inapauka, inakuwa ya kahawia. Hata nyekundu ukiisahau ndani ya chupa miaka na miaka, nayo inachoka rangi. Hayo ndiyo ninayoyajua mimi."

Inspekta alishukuru, akamwita Dereva upande wa dirisha.

"Saa nane na nusu nilikuona kutoka kituoni ukitoka nje," alimwambia. "Ukarudi na boksi. Liko chini ya kiti chako na umelifunika na koti."

Dereva alijikuna shingo. "Afande, hilo boksi tuliache."

"Lina ukubwa wa chupa."

"Lina ukubwa wa zaidi ya chupa."

"Lifungue."

Dereva aliwatazama wenzake, akalivuta boksi na kulifungua kwa huzuni. Ndani ilikuwamo keki, na juu yake, kwa sukari ya waridi, palikuwa na namba sabini iliyopinda kidogo kwa sababu ya kona za barabarani.

"Ilikuwa siri," alisema. "Sasa Mzee ameshaiona."

"Nimeiona," alisema Mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko keki ilivyostahili. "Ahsante, mwanangu."

"Saba imelala," alisema Daktari wa Meno. "Inaonekana kama ya thelathini."

"Basi mpeni hiyohiyo thelathini," alisema Dereva. "Nani anaikataa?"

Inspekta alimgeukia Daktari wa Meno na mkoba wake mkubwa mweusi. Daktari aliufungua bila kuambiwa mara ya pili. Mlikuwa na koleo, glavu, na mfano wa plasta wa kinywa cha mtu ambaye meno yake yalikuwa yamekata tamaa.

"Mimi ndiye niliyewaita," alisema Daktari. "Mwizi hajiitii polisi."

"Wapo waliofanya hivyo na sasa wanakula kwa gharama ya serikali. Niambie, Daktari, leo uliona kitu chochote kisicho cha kawaida?"

"Kitu kisicho cha kawaida kilikuwa namba nne." Daktari aliikunja pua. "Namba moja ilikuwa tamu ya kitoto, jemu tupu. Namba mbili nzuri. Tatu na tano za wastani, zinanyweka. Lakini namba nne ilikuwa aibu. Imepauka kama chai ya majani yaliyochemshwa mara mbili. Nimeipa alama ya mwisho, na wote wameipa ya mwisho. Tena nilitema vipande vya kizibo."

"Vipande vya kizibo?"

"Kwenye glasi zote mbili."

"Ulikunywa glasi mbili za aibu?"

"Ya pili ilikuwa ya kuhakikisha," alisema Daktari. "Na nikueleze jambo jingine. Mwenyekiti huwa haonji, lakini leo aliomba glasi ya hiyohiyo namba nne. Akainywa yote, polepole, anatazama dirishani. Nikampa pole."

Inspekta aliitazama meza, mifuko mitano kwa mpangilio. Kisha Alimwita Kizibo.

Binti huyo alikuwa na miaka ishirini na sita, mikono ya kazi na macho yasiyojua kudanganya. Alijibu maswali matatu vizuri. Kwa swali la nne, kama alikuwa na jambo lolote la kusema kuhusu chupa ile, aligeuza macho kuelekea jikoni.

"Tuonyeshe jikoni," alisema Inspekta.

Jiko lilikuwa chumba kidogo chenye sinki na jiko la gesi. Chini ya sinki, nyuma ya ndoo, palikuwa na beseni lililopinduliwa. Inspekta alilinyanyua. Chini yake alikuta jagi la kioo lenye kifuniko, limejaa mvinyo wa kahawia uliong'aa kama asali.

Daktari wa Meno, aliyekuwa amewafuata mpaka mlangoni, alipumua kwa nguvu. "Si hii hapa?"

Walilipeleka jagi mezani. Shangazi alipoliona, aliketi taratibu kama mtu anayepimwa presha.

"Kizibo," alisema. "Hii ni nini?"

"Si hiyo mnayoitafuta, Shangazi."

"Sasa ni nini?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi kusemaje? Jumatatu nakukabidhi duka. Magoti yangu yamechoka, na jirani wa vifaa vya ujenzi anasubiri tu nimwambie ndiyo avunje huu ukuta aweke saruji. Nilimwambia hapana kwa ajili yako. Nilimwambia duka litabaki na mtu mwaminifu. Hebu sema, mwanangu."

Kizibo alizishika ncha za aproni yake. Machozi yalikuwa karibu, lakini hayakutoka. "Kama ni kunyimwa duka, Shangazi, ninyime. Mimi sikuiba. Zaidi ya hapo siwezi kusema."

Daktari wa Meno, ambaye kimya kilimsumbua, alijimiminia kidogo kutoka kwenye jagi, akanusa, akaonja, akafumba macho.

"Karanga," alisema. "Zabibu kavu. Ganda la chungwa. Jamani, huu ndio uzee. Hii ndiyo ya miaka sabini, naapa."

"Si yangu," alisema Mwenyekiti.

Wote walimtazama. Alikuwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti.

"Hiyo si yangu na huyu binti hajaiba kitu. Mwacheni. Ninawaambia hajaiba, basi."

"Mzee," alisema Inspekta kwa upole, "hii hujaionja."

"Sihitaji kuionja."

"Na ile ya kwako hakuna aliyewahi kuionja, hata wewe. Ilikuwa imefungwa. Sasa umejuaje kwamba hii si yenyewe?"

"Rangi," alisema Mwenyekiti. "Rangi si yake."

"Shangazi, kioo cha ile chupa kilikuwa na rangi gani?"

"Cheusi kama buti la askari, Afande. Ndani huoni kitu."

Mwenyekiti aliuachia mgongo wa kiti, akaushika tena.

"Kaa, Mzee," alisema Inspekta. "Nakwenda stoo, narudi sasa hivi."

Alirudi baada ya dakika chache akiwa na ndoo ndogo ya taka mkono mmoja na chupa iliyojaa mkono mwingine. Alivipanga mezani bila haraka, kama mtu anayeandaa chakula.

"Tuanze na mwizi mwenyewe," alisema. "Amechukua ufunguo kwenye msumari, amefungua kabati, ametoa chupa. Halafu akafunga kabati tena na kuurudisha ufunguo kwenye msumari wake. Mwizi wa kweli anakimbia. Huyu ni mtu wa utaratibu, hawezi kuacha mlango wazi hata akiwa anaiba."

Dereva alivitazama viatu vyake vyenye matope. "Mimi nimepona," alisema.

"Pili. Leo zimefunguliwa chupa tano stoo, na kwenye ndoo hii mna vizibo vitano, vyote vya kofia ya plastiki. Vinne ni laini, vipya. Cha tano ndicho hiki." Aliweka mezani kipande cha gome kilichokauka, kimevunjika katikati, na kofia ya plastiki iliyopauka. "Hiki kimekaa kwenye chupa miaka mingi. Na Daktari ametutajia makombo yake yalikokwenda."

Daktari wa Meno aliupeleka ulimi kwenye meno yake, kama anayakagua upya.

"Tatu. Kizibo, chupa hii unaijua?"

Kizibo aliitazama ile chupa iliyojaa. "Niliiweka kwenye trei asubuhi, pamoja na nyingine nne. Ilitakiwa ionjwe leo."

"Nimeikuta kwenye rafu nyuma ya madumu ya sabuni, haijafunguliwa. Ulipanga tano, na mezani ziko tano, lakini moja ya zile zako iko hapa mkononi mwangu. Maana yake kwenye mifuko mmeingia mgeni mmoja."

Alichukua mkasi kutoka kwenye droo na kuuweka mbele ya Mwenyekiti. "Kuvua mifuko ni kazi yako, Mzee. Mimi sitakunyang'anya cheo."

Mwenyekiti aliutazama mkasi. Kisha alimtazama Kizibo, aliyekuwa bado amesimama na ncha za aproni mkononi, na uso wake ukabadilika. Aliuchukua mkasi. Hakuanza na namba moja. Alikata uzi wa namba nne na kuuvuta mfuko juu kwa mkono mmoja.

Ndani ilikuwa chupa nyeusi kama buti, na mwaka uliokuwa umeandikwa kwa dhahabu katikati ya lebo.

Halafu Dereva alianza kutetemeka mabega. "Tumeshainywa," alisema. "Tumeinywa na tukaipa ya mwisho."

"Mimi nimeiita aibu," alisema Daktari wa Meno polepole. "Nimeiita aibu mbele ya mwenyewe."

"Nilikusikia," alisema Mwenyekiti.

"Isome lebo, Mzee," alisema Inspekta. "Yote."

Mwenyekiti alivaa miwani yake mipya. Miezi miwili nyuma alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na tangu hapo alikuwa akitembea mtaani akisoma mabango kwa sauti.

"Ijumaa nilikuja kuitazama," alisema. "Nilitaka niione kwa macho mapya kabla ya siku yenyewe. Juu ya mwaka kuna mstari mwembamba. Miaka yote niliudhani ni pambo. Si pambo. Ni maandishi. Yanasema nyumba hii ya mvinyo ilianzishwa mwaka huo." Aliigonga lebo kwa kidole. "Ni kampuni iliyozaliwa mwaka wangu. Mvinyo wenyewe ni nyekundu ya kawaida, ya kunywewa mapema, na mimi nimeikalisha kabatini kama mfalme mpaka ikachoka. Mvinyo wa mwaka mmoja kwelikweli unaandikwa mwaka wa mavuno na mwaka wa kutiwa chupani. Hapa hakuna hata mmoja. Mimi ndiye ninayewafundisha watu hayo. Nimechora ramani za wilaya nzima kwa kalamu nyembamba kama unywele, halafu nikashindwa kusoma mstari mmoja kwa sababu nilikuwa naupenda mwaka."

"Sasa kwa nini mfukoni?" aliuliza Shangazi. "Si ungeitupa?"

"Niliwaahidi mtainywa siku yangu. Ahadi ni ahadi. Nikasema wainywe, ila wasijue kuwa ni yangu. Baadaye kelele za wizi zikianza, nitaziondoa chupa mezani, hakuna atakayekumbuka mifuko. Tutacheka, yatakwisha. Sikujua Daktari anaijua namba ya polisi kwa kichwa."

Alimgeukia Kizibo, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Walipokutazama wewe, nilitaka kusema. Mdomo uligoma. Nilisema hujaiba, nikadhani inatosha. Haikutosha. Mjukuu wangu, nisamehe."

"Nimekusamehe, Babu," alisema Kizibo. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua tangu niko darasa la saba. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma lebo, ukanipandisha kwenye kiti nizisome kabati zima. Nikaisoma na yako. Halafu nikakuangalia ulivyokuwa unafurahi, nikashuka kwenye kiti."

Mwenyekiti aliivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na kitu.

"Na jagi?" aliuliza Inspekta.

"Nilitaka leo niombe kuimimina mimi, jikoni," alisema Kizibo. "Ya Babu ningeiweka pembeni, niwaletee hii. Ni ya kahawia, lebo inasema miaka kumi. Si kwamba kila tone lina miaka kumi, Afande. Wanachanganya ya zamani na ya karibuni mpaka ipate ladha ya umri huo. Si ghali, na kwa asiyeambiwa ni mzee wa kutosha. Sasa ningesemaje ya kwangu bila kumwanika Babu mbele ya watu siku yake ya kuzaliwa?"

"Ungenyimwa duka," alisema Shangazi.

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa ajili ya kumfichia mzee ujinga wake wa lebo."

"Ndiyo, Shangazi."

Shangazi alimtazama kwa muda, kisha akamtazama Mwenyekiti. "Watu wawili wanafichana kitu kimoja ndani ya chumba kimoja," alisema, "na kila mmoja anajiona mjanja." Ndipo alipoanza kucheka, cheko lililoanzia tumboni na kumtikisa mpaka akashika meza, na Dereva akaachilia lake lililokuwa limemkaba. Daktari wa Meno alijizuia kwa sababu ya hadhi, lakini haikuchukua muda. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho. Alicheka kama mtu aliyevua viatu vilivyombana miaka mingi.

"Miaka kumi," alimwambia Daktari. "Umeapa ni sabini."

"Na wewe ulisemaje kwa miaka yote hiyo?" alijibu Daktari.

"Kweli. Tuko sawa."

Walimimina mvinyo wa jagi kwenye glasi safi. Keki ilikatwa, saba iliyolala ikaenda kwenye sahani ya Mwenyekiti. Mwenyekiti alisisitiza kwamba kilichobaki kwenye chupa yake kigawanywe pia, safari hii kwa jina lake, na kila mtu alikunywa tone lake kwa adabu. Waliulizwa kama wangependa kubadilisha kura.

"Hapana," alisema Kizibo. "Ni ya mwisho, Babu."

"Ni ya mwisho," alikubali Mwenyekiti. "Nilipoionja nilijua hata namba tano imeonewa kuwekwa nayo meza moja."

Inspekta alinusa glasi aliyopewa, akasema inanukia kama kabati la bibi yake aliyependa matunda makavu, akairudisha mezani bila kuionja na kuomba kipande cha pili cha keki. Kisha alitoa karatasi ya taarifa, akasukuma sahani pembeni na kuanza kuandika, akisoma kwa sauti.

"Mali iliyopotea imepatikana. Ilikuwa tumboni mwa mlalamikaji, glasi mbili."

"Afande," alisema Daktari wa Meno, "hayo yote lazima yaandikwe?"

"Umeniita mwenyewe, Daktari. Mwenye mali hana mashtaka. Duka halijapoteza kitu. Shauri limefungwa." Aliweka nukta. "Mwenye duka aweke sahihi hapa chini."

Shangazi aliichukua kalamu. Aliinama juu ya karatasi, akasita, akainuka. Akaivua kamba ya ufunguo shingoni, akamvika Kizibo kichwani kwa shida kwa sababu ya nywele, halafu akamwekea kalamu mkononi.

"Jumatatu ni mbali," alisema. "Yule wa saruji akija leo jioni, mjibu wewe."

Kizibo aliketi. Wote walisogea karibu kumwona anavyoandika. Lakini hakuandika. Aliivuta karatasi kwenye mwanga wa dirisha na kuanza kuisoma kutoka juu, neno kwa neno, jina la kituo, tarehe, maelezo ya Inspekta, mpaka kwenye herufi ndogo za mwisho kabisa ambazo Inspekta mwenyewe, kwa miaka yote ya kazi yake, hakuwahi kuzisoma.

Walimsubiri. Hakuna aliyemharakisha.